Mgeni Aliyejidunga Sindano Uani Kwetu

Mdogo wangu alianza kunywa maji mwaka ule tuliohamishwa kutoka shambani kwetu kwenda kijiji kipya cha ujamaa, huku Mzenga. Nasema alianza kunywa maji kana kwamba sisi wengine tulikuwa hatunywi, lakini aliyemwona atanielewa. Alikuwa akichota kwa kata mtungini, anakunywa mpaka tumbo linamcheza, anashusha pumzi, halafu anachota tena. Mama alirudi kisimani na ndoo kichwani, na kabla hajaitua mtoto alikuwa ameshasimama mbele yake na kikombe mkononi.

Alikuwa na miaka tisa. Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la saba na nilikaa nyumbani nikimsaidia mama shamba. Baba alisema ni jua la kijijini, maana pale palikuwa peupe, hakuna hata mnazi mmoja. Minazi yetu na mikorosho yetu tuliiacha kule tulikotoka. Mama alisema ni makopa, ile mihogo mikavu tuliyokuwa tunakula mwaka mzima kwa kuwa mahindi yalikuwa hayajashika. Bibi, mama yake mama, tuliyeishi naye, alizidi kumtazama mtoto.

Bibi ndiye aliyeona sisimizi. Mtoto alikuwa ameanza kukojoa kitandani, jambo aliloacha tangu akiwa mdogo kabisa, na kila asubuhi tulikuwa tunautoa mkeka wake nje kuuanika. Siku hiyo Bibi akamwita mama, akamwonyesha. Sisimizi walikuwa wametapakaa kwenye mkeka, weusi tii, kana kwamba umemwagiwa asali.

"Hebu niambie," Bibi alisema, "wadudu hawa wanafuata nini kwenye mkojo wa mtoto?"

Mama aliukung'uta mkeka kwa hasira, akaurudisha juani.

Tukampeleka zahanati, akapewa vidonge vya malaria. Akamaliza vidonge, akazidi kukonda. Alikula kuliko baba na alikonda kila siku, mpaka gauni lake likawa linamning'inia kama limetundikwa kwenye kamba. Majirani wakaanza kusema maneno. Wengine walisema ni mashetani ya kule tulikohama yametufuata, wengine walisema kuna mtu ametuonea wivu. Baba alichoka kuyasikiliza, akaacha kwenda barazani.

Halafu ikafika asubuhi moja mtoto hakuamka. Nilimtikisa, akafumbua macho kidogo, akayafumba. Alikuwa anahema kwa nguvu kama mtu aliyetoka kukimbia, na kinywani alitoa harufu tamu, harufu ya nanasi lililoiva likapitiliza. Nilipiga kelele. Mama alikuja mbio na unga mikononi, akamnusa, akanitazama. Sijausahau uso ule. Mama hakulia, alikuwa kama mtu aliyepigwa kofi na asiyemjua.

Bahati yetu siku hiyo lori lilikuja kuchukua korosho walizookota watu kwenye mashamba yao ya zamani. Dereva alimwona baba amembeba mtoto aliyelegea, hakuuliza maswali. Tulikaa juu ya magunia, mama na baba na mimi, tukapita njia ya Mlandizi, njia mbovu, na kila lori liliporuka nilishika kifua cha mdogo wangu nione kama bado kinapanda. Dereva hakuishia Mlandizi alikokuwa anakwenda. Aliingia barabara kuu akatufikisha hospitali, Kibaha.

Daktari alikuwa kijana, Mtanzania, mwenye miwani mizito. Alimnusa mtoto mdomoni kama mama alivyofanya. Kisha akaagiza mkojo wake, na nesi akauchemsha mbele yetu kwenye kichupa chenye dawa ya buluu. Ile buluu ikageuka kijani, kijani ikawa manjano, manjano ikawa nyekundu kama tofali. Nesi akakishika kichupa juu, wakatazamana.

"Mtoto wenu ana kisukari," daktari alisema.

Mama alicheka. Naapa alicheka, kicheko kifupi cha mtu anayedhani ametaniwa. "Sukari? Daktari, sisi sukari tunaisikia tu. Duka la ushirika halijaleta sukari tangu tuhamie. Mtoto huyu ataipata wapi?"

Baba naye akasema kwamba ugonjwa huo anaujua, ni wa watu wazima wenye vitambi na magari. Daktari alivua miwani akakaa kwenye kiti ili awe sawa nasi. Akatueleza kwamba hiki ni kingine. Kinawashika watoto. Hakitokani na kula sukari, hakitokani na uchawi, na si kosa la mtu yeyote. Kuna kitu ndani ya mwili kinachotakiwa kukitoa chakula kwenye damu na kukiingiza mwilini kifanye kazi yake, na mwili wa mtoto huyu umeacha kukitengeneza. Kitu hicho sasa kitabidi kiingie kwa sindano.

"Sindano ngapi?" mama aliuliza.

"Kila siku, mama."

"Mpaka apone?"

"Hatapona. Kila siku, maisha yake yote."

Mama alishika ukuta. Baba alisema "La ilaha illallah," akatoka nje, nikamwona kupitia dirishani amesimama katikati ya uwanja bila kofia, juani, hajui aende wapi.

Mdogo wangu alizinduka kesho yake akaomba uji. Tulikaa Kibaha muda mrefu, tukilala kwa shangazi yangu, Tangini, na kila siku nesi alinifundisha mimi kudunga, kwa sababu mama aliiogopa sindano. Nilianza na chungwa. Nililidunga chungwa lile mpaka likawa linavuja maji kila upande. Kisha nesi akanipa paja la mdogo wangu. Mtoto alinitazama machoni, akasema, "Dada, ukiniumiza nitakuuma." Nikamdunga, naye akaniuma kweli, hapa kwenye bega.

Tulirudi kijijini na bomba la kioo, sindano, na vichupa vya insulini. Dawa haikutakiwa kupata joto, kwa hiyo Bibi aliufukia mtungi mchangani ndani ya chumba chake, akawa anaumwagia maji, na vichupa tukaviweka humo vikiwa vimefungwa kwenye kitambaa. Kila asubuhi nilichemsha bomba kwenye sufuria ndogo, nikamdunga, kisha nikaenda shamba. Baada ya miezi michache jambo hilo likawa la kawaida kama kufagia uwanja.

Yasiyokuwa ya kawaida yalikuwa ni yale tuliyoyajua na hatukuyasema. Siku moja ya kliniki nilimsikia nesi mmoja akimwambia mwenzake nyuma ya pazia, kwa huruma na si kwa ubaya, "Hawa wadogo hawafiki mbali." Mama naye alisikia, kwa kuwa alikuwa amesimama kando yangu. Hatukuambizana. Lakini mama alikuwa na doti mbili za kanga alizoziweka sandukuni, moja ya kunichezea mimi ngoma nitakapotolewa mwali, nyingine ya mdogo wangu. Tuliporudi nyumbani akaitoa ile ya mdogo wangu, akampa binti wa jirani aliyekuwa anaolewa. Mdogo wangu aliiona ikienda.

Ikapita miaka kadhaa tukiishi hivyo. Alisoma, alipigana na wenzake, aliimba kaswida kwa sauti iliyowashinda wote, na sisi watu wazima tulimtazama kama mgeni aliyeshika begi lake mlangoni.

Kisha siku ya kliniki daktari akatuambia kuna wageni kutoka Ulaya watakuja. Ni shirika la hisani, alisema, linalogharamia uchunguzi wa ugonjwa huu wa watoto. Wanataka kujua kwa nini huko kwao watoto wengi wanaupata na huku wanaonekana wachache, na kama unapita katika ukoo. Wangependa kuja nyumbani kwetu.

Mama alisema karibuni. Nadhani alichosikia ni neno Ulaya na neno hisani, na alichoona kichwani ni makasha ya dawa.

Landrova ilipoingia kijijini, watoto waliokuwa wakicheza barabarani walipiga yowe moja tu: "Mumiani!" Milango ikafungwa. Huku kwetu watu walikuwa wanaamini kabisa kwamba wako wanaozunguka na magari kunyonya damu za watu wakatengenezee dawa, na gari hili lilikuja na Mzungu na masanduku. Mjumbe wa nyumba kumi alifika kwetu akihema, jembe bado mkononi.

"Hawa umewaita wewe?" alimuuliza baba.

"Ni wageni wa daktari."

"Basi mimi nitakaa hapa niwaone." Akakaa, jembe magotini.

Walishuka watatu: daktari wetu wa miwani, dereva, na mama mmoja wa Kizungu mwenye mvi, mwembamba, amevaa gauni la maua na viatu vya ngozi vilivyojaa vumbi. Alimpa Bibi mkono akasema "Shikamoo" kwa matamshi yaliyomfanya mdogo wangu ajifiche nyuma ya kanga ya mama ili acheke. Tukatandika mikeka uani. Daktari akafungua sanduku. Ndani mlikuwa na mabomba na vichupa vitupu, vimepangwa vizuri. Baba aliangalia vile vichupa.

"Dawa ziko wapi?" aliuliza.

Daktari alikohoa. "Mzee, hawakuleta dawa. Chama chao hakinunui dawa. Kinachangisha fedha kuwalipa wataalamu watafute chanzo cha ugonjwa. Leo wanaomba damu kidogo, ya mtoto na yenu nyote, ikapimwe."

Mjumbe aliinua jembe kidogo kutoka magotini. Mama alisimama. Sikuwahi kumsikia mama akimpazia sauti mtu mwenye miwani.

"Wametoka kwao mpaka Mzenga, hawana dawa, wanataka damu? Damu ya huyu mtoto ambaye hana hata nyama mwilini? Daktari, wewe ni mtoto wetu. Wewe umetuletea watu hawa?"

Daktari alianza kueleza. Alisema chama kile kilianzishwa na wazazi wa watoto wagonjwa, watu wa kawaida, wanaouza keki na nguo zilizovaliwa wapate cha kuchangia.

"Wazazi?" Bibi alidakia. "Huko nako watoto wa watu wanaugua hivi?"

"Wengi kuliko huku, bibi."

Mimi mwenyewe niliduwaa. Katika miaka yote ile sikuwahi kufikiri kwamba kuna mtoto mwingine wa mtu mwingine, aliyelala kwenye kitanda kizuri mbali huko, aliyekuwa anakunywa maji kama mdogo wangu. Nilidhani ugonjwa huu umetuchagua sisi peke yetu.

Lakini mama alikuwa bado amesimama, na baba alikuwa ameshageuza uso, na ilikuwa dhahiri kwamba wageni wataondoka na vichupa vyao vitupu. Yule mama wa Kizungu hakuelewa maneno, ila alielewa nyuso. Aliangalia saa yake. Akamwambia daktari kitu. Daktari akasema kwa aibu, "Anaomba radhi. Saa yake ya chakula imefika, na kabla ya kula kuna jambo lazima afanye."

Akavuta mkoba, akatoa kijaluba cha chuma. Akakifungua. Ndani mlikuwa na bomba la kioo na sindano, sawasawa na la kwetu, na kichupa kile kile ninachokijua mimi kuliko ninavyokijua kiganja changu. Akavuta dawa, akalipiga bomba kwa kidole kuondoa mapovu, vilevile ninavyofanya mimi. Akajifunika mapajani kwa kanga aliyoazimwa na Bibi, akapandisha gauni pembeni kidogo, akajidunga. Akachomoa. Akafuta kwa pamba. Kisha akatabasamu kama mtu aliyefunga kifungo cha shati.

Jembe la mjumbe lilianguka.

"Huyu naye?" Bibi aliuliza kwa sauti ndogo.

"Naye," daktari alisema. "Tangu akiwa na umri kama aliokuwa nao huyu mtoto."

Mama alikwenda hadi pale alipokaa yule mgeni, akapiga magoti. Akanyoosha mkono akashika nywele zake. Alizishika zile mvi kati ya vidole, akazipekua kama anayetafuta chawa, na yule mama wa watu akainamisha kichwa akamwachia.

"Mwulize," mama alimwambia daktari bila kugeuka, "mwulize kama ameolewa."

"Ameolewa."

"Ana watoto?"

"Wawili. Na mjukuu."

Mama akakaa chini kwenye mchanga, nje ya mkeka, akaanza kulia. Lakini aliyetushtua zaidi alikuwa mdogo wangu. Alitoka nyuma yetu akasimama katikati ya uwanja. Alikuwa na miaka kumi na mitatu au kumi na minne wakati huo.

"Kumbe naweza kuzeeka," alisema. "Mbona hamkuniambia?"

Baba alisema, "Mwanangu, hata sisi hatukujua."

"Mlijua mtanizika! Kanga yangu mliigawa!" Alilia kwa kelele, akitushutumu mmoja mmoja, na hakuna aliyethubutu kumnyamazisha. Alipotulia akafuta makamasi kwa mkono, akamgeukia mgeni.

"Mwulize kama na yeye alikuwa anakojoa kitandani."

Daktari aliuliza. Yule mama alicheka mpaka akashika tumbo, akajibu maneno mengi. Alikojoa, daktari alitafsiri, hata shuleni, mbele ya darasa zima. Kisha kicheko kikamwisha, akaongea taratibu. Alikuwa na dada ambaye hakuwahi kumwona. Dada huyo alipata ugonjwa huo huo kabla yeye hajazaliwa, wakati ambapo insulini ilikuwa haijagunduliwa, na wazazi walimtazama akikauka mpaka akafa. Yeye alipougua dawa ilikuwepo. Ilikuwepo kwa sababu kuna watu walikaa wakaitafuta, na kuna watu waliowalisha walipokuwa wanaitafuta. "Lakini sindano si uponyaji," daktari alitafsiri. "Anasema amechoka kujidunga. Anataka wajukuu wa watu wasijidunge."

Baba alikunja mkono wa kanzu. Alinyoosha mkono wake kwa daktari, akatazama kando. Baada yake mama, kisha mimi, kisha mdogo wangu. Bibi alikataa, akasema damu yake imezeeka haina habari yoyote. Wageni wakala wali wa nazi na kisamvu, yule mama akipimapima wali wake kwa kijiko, na mdogo wangu akimwiga kijiko kwa kijiko.

Tulilipia siku ile. Kwa muda mrefu kijiji kilisema tumeuza damu kwa mumiani. Jirani ambaye binti yake tulimpa kanga aliacha kuja kuomba moto. Mjumbe alijaribu kueleza alichokiona kwa macho yake, nao wakasema amelishwa dawa.

Kisha ikaja miaka mibaya baada ya vita vya Uganda. Sabuni hakuna, mafuta ya taa hakuna, na siku moja tulifika kliniki tukaambiwa insulini hakuna. Daktari alizunguka Dar es Salaam kuomba huku na huku. Akaliandikia hata lile shirika. Jibu lilipokuja alitusomea kwa sauti ya chini: walisikitika sana, lakini fedha wanazochangiwa ni za uchunguzi tu, sheria zao haziwaruhusu kununua dawa. Nilitoka nje. Niliwaona kichwani wale wote wanaouza keki, nikawachukia.

Mdogo wangu alikwenda kukaa kwa shangazi, Tangini, awe karibu na hospitali. Walimgawia dawa nusu nusu, iliyopatikana kwa kuombaomba. Alirudi kuwa mifupa. Mara mbili nilifika nikadhani nimekuta maiti. Jicho lake la kushoto likaanza kuona ukungu na halikurudi tena. Lakini hakufa, na dawa zilipopatikana tena alikuwa msichana mkubwa mwenye ulimi mkali, anashona nguo nje ya nyumba ya shangazi.

Wachunguzi walipokuja mara ya pili, safari hii hospitalini, bila yule mama wa Kizungu, nilisema hawapati tone. Mdogo wangu alikuwa ameshavaa viatu.

"Unakwenda kuwapa damu?" nilimuuliza. "Watu waliokunyima dawa?"

"Hawakuninyima, dada. Hawanayo. Yao ni kutafuta." Akajifunga kilemba. "Na mimi nataka wapate. Wewe hudungwi."

Alikwenda peke yake kwa miguu.

Aliolewa na fundi cherehani aliyefiwa na mkewe, ambaye alikuwa akimpa nyuzi, na sisi tukamsihi asizae, na madaktari wakamsihi, naye akashika mimba. Miezi ile yote mama hakulala vizuri. Mtoto alizaliwa kwa kisu, Kibaha, mkubwa ajabu, mashavu yamejaa kama ya mtoto wa miezi mitatu. Daktari wetu wa miwani, ambaye naye alikuwa ameanza kuota mvi, alimleta mwenyewe mikononi. Mama alimpokea, akamgeuza, akamnusa mdomoni.

"Anao?"

"Hana, mama."

"Na baadaye?"

"Baadaye hatujui," daktari alisema. "Hakuna anayejua bado."

Mama alimtazama kwa muda, kana kwamba bado alitegemea mtu mwenye miwani awe anajua. Kisha akamfunika mtoto vizuri, akaenda kumpeleka kwa mama yake aliyekuwa anaamka.

Mdogo wangu aliishi akamwona binti huyo akimaliza shule ya msingi. Figo ndizo zilizomchukua. Alikuwa na nywele nyeupe chache mbele, juu ya paji la uso, na alikataa katakata kuzipaka hina.